Umepima?

Swali liliingia jukwaani kwetu mtandaoni Jumamosi asubuhi, saa tatu kasoro dakika tano, nami nililisoma kabla halijakatwa. Nataka hilo lijulikane mapema. Waliokuja baadaye walikuta mistari minne mikavu kama kuni, wakadhani yule mwanamke alikuja kuuliza habari za balbu. Hakuja kuuliza habari za balbu.

Aliandika hivi:

"Shikamooni wakubwa zangu wote, habari za asubuhi, poleni na majukumu. Mimi ni fundi cherehani, umeme najifunza kwa simu tu. Nimetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa friji bovu. Ndani mna mayai mia na kumi na mawili ya kuku wa shangazi yangu aliyenilea. Wiki iliyopita kideri kiliingia bandani kwake, kuku wote wamekufa, hata jogoo. Mbegu aliyoifuga miaka thelathini imebaki humu ndani tu, hakuna yai jingine. Leo ni siku ya kumi na nane, nimeshusha mayai kwenye trei ya chini nikafunga mlango. Tangu nifunge, joto linashuka. Linatakiwa liwe thelathini na saba nukta saba, sasa ni ishirini na tisa, na balbu zote mbili zinawaka bila kuzima. Naombeni mnielekeze jinsi ya kuongeza balbu ya tatu. Nimeweka picha. Samahanini kwa usumbufu, natanguliza shukrani."

Baada ya dakika sita, shikamoo haikuwepo. Shangazi hakuwepo. Jogoo alikufa mara ya pili. Kilichobaki kilikuwa: friji, balbu mbili, nyuzi ishirini na tisa, jinsi ya kuongeza balbu ya tatu.

Jukwaa letu la mafundi lina kanuni kumi na nne. Ya kwanza, usisalimie. Ya pili, usisimulie. Ya tatu, usiombe radhi. Ya nne, usiulize kabla hujapima. Aliyezitunga anajiita Kipimo, ndiye msimamizi, na hakuna anayeijua sura yake wala mji wake. Sisi tuliomzoea tunamwita Bwana Kanuni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; kwetu mgeni akija, mwenyeji hunoa mkasi.

Chini ya mabaki ya swali, Kipimo alikuwa ameandika: "Sensa imekaa wapi? Umehakikisha joto kwa kipimajoto cha pili? Umepima? Dakika kumi bila jibu, uzi wa swali hili unafungwa."

Kwa asiyejua: sensa ni kijiti cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, kiko kwenye ncha ya waya mwembamba. Kinakaa pembeni ya mayai, ndicho kinachoiambia mashine joto ni kiasi gani. Mashine haina macho mengine.

Fundi cherehani akajibu haraka, mpaka herufi zimepandana: "Sensa iko ndani mkuu. Kipimajoto cha pili nimeshapima, ni ishirini na tisa vilevile. Samahani mkuu."

Halafu wakaja wapambe. Kila mwenye kanuni ana wapambe. Mmoja: "Tafuta kwanza, uliza baadaye. Hili limeulizwa mara mia." Mwingine: "Cherehani na umeme wapi na wapi? Shona mama, shona." Wa tatu hakuandika neno, aliweka nyuso za kucheka, nane, kwa mstari.

Mimi nilikuwa kibandani kwangu. Mezani kulikuwa na mashine ya kunyolea ya jirani yangu kinyozi, nimeifungua tumbo, swichi yake imekatika. Kinyozi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani.

"Fundi, mteja wangu ana nusu kichwa," alisema. "Amekaa pale anajitazama kwenye kioo kama anamtazama adui."

"Dakika tano."

"Ulisema hivyo dakika tano zilizopita."

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nazitazama zile nyuso nane za kucheka.

Mimi sisahau. Wengine Mungu kawapa sauti, wengine kawapa mbio, mimi kanipa kumbukumbu. Miaka kumi na moja iliyopita niliuliza swali langu la kwanza kwenye jukwaa lilelile. Lilihusu redio iliyokuwa inakoroma. Kipimo huyuhuyu aliniuliza, "Umepima kapasita?" Nikajibu. Akasema: "Basi kama umepima na bado huoni, ufundi haukutaki. Tafuta kazi nyingine." Watu kumi na tisa waliunga mkono. Ninayo majina yao. Nina daftari la jalada la buluu, limekaa kwenye droo pamoja na risasi ya kulehemia, na humo nimeandika tarehe, jina na tusi la kila mgeni niliyeona anatukanwa pale jukwaani tangu siku ile. Sikusoma chuo. Nilisoma kwa kutukanwa, na mtu aliyesomeshwa kwa njia hiyo hapotezi vyeti vyake.

Basi nikaweka bisibisi chini.

"Fundi," kinyozi akasema.

"Ngoja kwanza. Hawa leo watanikoma."

Niliandika mpaka vidole vikauma. Niliandika: "Ninyi mnaojiita mabingwa, nani kati yenu alizaliwa na mita mkononi? Mama amekuja na mayai mia na kumi na mawili, mmemvua salamu yake hadharani kama mnamvua nguo. Mmemfuta shangazi yake. Mmemfuta mpaka jogoo. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kudhani hukuwahi kuuliza." Nikaendelea. Nilimtaja Kipimo. Nilitaja mwaka, nikataja ile redio. Nilitaja wahanga wake wote kutoka kwenye daftari, mmoja baada ya mwingine, yule aliyeuliza habari za pampu, yule wa taa za shule, yule mzee aliyeambiwa macho yake yastaafu.

Jukwaa likawaka. Ndani ya robo saa watu tisini walikuwa wamenipigia makofi. Kinyozi alichukua simu yangu akaisoma kwa sauti, akicheka.

"Leo umewachana! 'Mkasi wako, Kipimo, unakata ulimi wa mgeni halafu unalalamika hasemi.' Wee! Hii umeitoa wapi?"

"Imekaa tumboni miaka kumi na moja."

"Basi imeiva."

Kipimo akajibu, na jibu lake nilinukuu daftarini papo hapo: "Hoja si heshima. Hoja ni kipimo. Balbu mbili zinawaka mfululizo ndani ya friji iliyofungwa, na joto linashuka? Haiwezekani. Kuna jambo hajasema."

"Unamwita mwongo?" niliandika.

"Namwita hajapima."

"Amesema amepima! Ulimuuliza, amekujibu. Unataka aape?"

Hapo tena ikawa vita. Wapambe wake upande huu, watu wangu upande ule. Wengine walileta ugomvi wa mwaka juzi, wengine walileta wa mwaka ule mwingine. Ukurasa wa kwanza ukajaa, wa pili ukajaa. Katikati ya ukurasa wa tatu, kati ya mtu anayemwita mwenzake mbumbumbu na mwenzake anayemwita kinyonga, kulikuwa na mstari mmoja mdogo. Nusura niupite.

"Samahani kaka Pasi Moto. Bado ni ishirini na tisa. Je, niongeze balbu?"

Pasi Moto ndilo jina langu pale. Nilitazama saa. Saa nne na dakika kumi na nane. Alikuwa anasubiri saa nzima na zaidi, na sisi tulikuwa tunampigania.

Nikajibu kama mfalme anayegawa pilau. "Ongeza dada, usiogope. Usifungue mlango. Juu kuna tundu la hewa, shusha holda ya balbu kwa hapo, balbu ya wati mia, funga waya sambamba na hizo nyingine." Nikaweka na mchoro. Hakuna aliyemjibu kwa upole namna ile asubuhi nzima, na nilitaka Kipimo aone jinsi mgeni anavyojibiwa.

"Asante sana kaka yangu. Mungu akulipe. Naenda dukani kuchukua holda na balbu, narudi sasa hivi kufunga."

Kinyozi akapiga meza. "Mambo si ndiyo hayo! Sasa kichwa cha watu."

Nilishika bisibisi. Nilifunga skrubu moja. Halafu nikaona huruma yangu haijakamilika: tundu la hewa huenda halijui. Nikasema nitaichukua picha yake, nitachora mshale mwekundu juu ya tundu, nimrudishie.

Jukwaa letu linahesabu kila kitu. Chini ya uzi paliandikwa: umesomwa mara mia mbili na arobaini. Chini ya picha paliandikwa: imefunguliwa mara tatu.

Nikaifungua. Mimi nikawa wa nne.

Friji jeupe, limevalishwa blanketi lililoshonwa vizuri, pindo kwa pindo, kama koti la mtoto. Kidirisha cha kioo mlangoni. Kontrola, kile kisanduku kinachowasha na kuzima balbu, imebandikwa ubavuni, namba nyekundu: 29.1. Waya mwembamba mweusi unatoka kwenye kontrola, unashuka, unaingia ndani kupitia raba ya mlango. Niliufuata kwa kidole ili nijue nisije nikachora juu yake. Unaingia hapa, kwenye usawa wa trei ya juu.

Na huku chini, karibu na bawaba, unatoka tena.

Nilivuta picha ikawa kubwa. Kwenye sakafu, chini ya mlango, palikuwa na kitu kinang'aa, kidogo kama jino la panya. Ncha ya sensa. Aliposhusha mayai, utepe ulioishika ulibanduka, waya ukaanguka, akafungia mlango juu yake. Ncha ikabaki nje.

Ishirini na tisa halikuwa joto la mayai. Lilikuwa joto la chumba.

Mashine ilikuwa inapima hewa ya sebuleni, inaona baridi, inawasha balbu. Inapima tena, inaona baridi, haizimi. Saa moja. Saa mbili. Ndani ya friji lililovishwa blanketi. Yai huvumilia baridi, hata kuku mwenyewe huinuka akaenda kula akarudi. Joto halivumilii. Mayai yale hayakuwa yanapoa, yalikuwa yanapikwa. Na mimi nilikuwa nimempeleka mwenyewe dukani akaongeze kuni.

"Fundi, umekuwaje? Umepauka," kinyozi alisema.

Niliandika: USIONGEZE BALBU. ZIMA MASHINE. Nikabonyeza. Likaja sanduku jekundu: "Akaunti hii imefungiwa kwa saa ishirini na nne kwa kukiuka kanuni ya sita, matusi. Sababu ya msimamizi: kelele."

Nilibonyeza tena. Sanduku jekundu. Nikabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa choo. Ujumbe wa pembeni, wa mtu kwa mtu, haupiti kwa akaunti mpya, ni kanuni ya kumi na moja. Namba za simu haziandikwi jukwaani, ni kanuni ya tisa. Anayeziona ni mtu mmoja tu, msimamizi anayesajili. Aliyefungiwa ameachiwa kitundu kimoja, fomu ya rufaa, herufi mia tatu, inakwenda kwa msimamizi.

"Mwandikie basi," kinyozi alisema. Nilikuwa nimemweleza kwa maneno yaliyokatikakatika.

"Nimwandikie nani? Huyu?"

"Kwani mayai ni yake?"

Nikaanza. "Kwanza kabisa napinga kufungiwa, maana kwa miaka kumi na moja wewe umekuwa..." Nikasimulia. Nikafikia neno "dhuluma" na fomu ikagoma: herufi mia tatu zimekwisha. Nilikuwa sijafika kwenye mayai.

Nikafuta yote. Duka la vifaa vya umeme liko umbali gani na nyumba ya mtu? Dakika kumi? Dakika tano? Wati mia ndani ya friji.

Nikaandika: "Uzi wa mayai. Fungua picha. Chini kabisa, kwenye bawaba, ncha ya sensa iko NJE. 29 ni joto la chumba. Mayai yanaungua. Ameenda kununua balbu ya wati mia kwa ushauri wangu. Nimekosea. Naomba namba yake au mpigie wewe. Naomba."

Hakuna salamu, hakuna hadithi. Bwana Kanuni angejivunia. Isipokuwa lile naomba, niliandika mara mbili.

Nje mtu alikuwa anafungua kinywaji, kifuniko kikadondoka kwenye saruji, nikaruka. Jibu likaja. Neno moja.

"Umepima?"

Wallahi nilitaka kuitupa simu barabarani. Kinyozi alinishika mkono.

"Sijapima," niliandika. "Nimeona. Fungua picha."

Nikaitazama ile hesabu chini ya picha. Imefunguliwa mara nne. Mara nne. Mara nne. Mara tano.

Ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa hajaitazama. Asubuhi yote alidai kipimo, na kipimo kilikuwa kimelala pale miguuni pake.

Baada ya dakika mbili ikaja namba, na chini yake: "Nimepiga mara mbili. Mtu anapokea, nasema, anakata. Jaribu wewe. Kanuni ya tisa nimeivunja, usiitangaze."

Nikapiga. Ililia mara tano. Ikapokelewa.

"Haloo?" Sauti ya mama mtu mzima, nzito.

"Zima mashine! Chomoa waya ukutani haraka, fungua..."

Ikakatwa.

Nikaitazama simu. Kinyozi alikuwa ameinama mezani kusikiliza. "Umemsalimia?" aliuliza.

"Nini?"

"Umempigia mama wa watu, unamfokea kama polisi. Hata mimi ningekata."

Nikapiga tena. Ililia, ikalia, ikalia. Ikapokelewa, bila haloo safari hii. Nasikia pumzi tu.

"Shikamoo shangazi," nilisema kwa kubahatisha.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni fundi wa redio. Binti yako fundi cherehani ameniuliza habari za ile mashine ya mayai."

"Ametoka. Simu kaiacha kwenye chaji. Na wewe ndiye uliyepiga sasa hivi kwa kelele?"

"Ni mimi, shangazi. Nisamehe."

"Na yule mwingine? Kapiga mara mbili, hata hujambo hana, 'mashine, mashine.' Matapeli wa simu nawajua mimi. Mwaka jana walitaka nibonyeze nyota."

"Shangazi, mimi si tapeli. Pole kwa kuku. Binti yako ametuandikia kwamba kideri kimekumalizia banda lote, hata jogoo. Miaka thelathini. Amesema mbegu imebaki humo ndani tu."

Nilisikia kiti kinasogezwa.

"Amewaambia na habari za jogoo?" aliuliza, taratibu.

"Ametuambia."

"Haya. Sema, mwanangu."

"Balbu zinazidi kuwaka. Mayai yanaungua humo ndani. Fungua mlango."

"Sifungui. Ameniapisha. Siku tatu za mwisho mlango haufunguliwi hata na malaika, vifaranga watakaukia ndani ya maganda."

"Ni kweli, ndiyo kanuni. Lakini leo ndiyo itakayowaua."

"Namba inasema ishirini na tisa. Hata mimi nasoma."

"Namba inadanganya. Kuna kipimajoto kingine hapo? Alisema alipima na cha pili."

"Cha pili kipi?" Shangazi akacheka kicheko kikavu. "Kilivunjika juzi. Alikikalia kitandani. Alishinda siku nzima anaokota vigae."

Nikalikumbuka jibu lake kwa Kipimo: *Kipimajoto cha pili nimeshapima, ni ishirini na tisa vilevile. Samahani mkuu.*

"Basi shangazi, fungua, toa yai moja tu. Lishike mkononi uniambie."

"Yai halipimwi kwa kiganja," alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliye kazini kwake. "Kiganja cha mpishi hakijui moto. Yai linapimwa kwa kope. Unafumba jicho, unaliweka hapa. Nimewanyang'anya kuku mayai miaka thelathini kwa njia hiyo, kuona nani anaatamia na nani anadanganya."

"Lipime kwa kope basi. Nakuomba."

Nikasikia miguu. Nikasikia blanketi likivutwa. Nikasikia ule mlio wa raba ya friji ikiachia, na kinyozi na mimi tulikuwa tumetazamana kama watu waliosimama ndani ya lifti iliyokwama.

"Mama yangu," shangazi alisema. "Linachoma."

"Chomoa waya ukutani! Acha mlango wazi wote. Trei zitoe, ziweke mezani, usizitikise. Toa na blanketi."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

Alikuwa anahema. Vitu viligongana. Kisha kwa mbali mlango wa nyumba ukafunguliwa, sauti ya msichana ikaingia, "Shangazi! Shangazi, umefungua? Nani kakwambia ufungue?" Halafu kitu kilianguka sakafuni kikapasuka. Nilijua ni nini. Ilikuwa ile balbu ya wati mia.

Niliongea naye. Nilimwambia ainame atazame chini ya mlango, karibu na bawaba. Akainama.

"Nimeiona," alisema mwishoni.

Tulikaa simuni dakika arobaini. Kila dakika tano shangazi aliweka yai kwenye kope: bado, bado, afadhali, sasa hili ni la kuku. Ndipo waliporudisha trei. Fundi cherehani aliibana ncha ya sensa kati ya mayai mawili, akaishonea kwenye waya wa trei kwa sindano na uzi, maana utepe hakuuamini tena. Namba ikapanda: thelathini na mbili, thelathini na tano, thelathini na saba. Balbu zikazima zenyewe. Zikawaka. Zikazima.

Mteja wa kinyozi alikuwa amekwishaondoka na nusu kichwa chake, kafunga taulo la watu. Kinyozi hakumfuata.

Yule dada alirudi jukwaani mchana ule akaandika: "Wakubwa, nilidanganya. Sikupima. Kipimajoto cha pili nilikuwa nimekivunja. Niliogopa mtanifukuza. Samahanini." Wapambe wakaanza kumiminika: ndiyo maana kuna kanuni, ndiyo maana tunasema, mgeni akidanganya asaidiweje. Mmoja alidai afungiwe kama mimi. Kipimo aliyafuta yote. Alifuta maneno ya wapambe, akafuta hotuba yangu na makofi yake tisini, akafuta na kukiri kwa yule dada. Akaacha mstari mmoja: "Limetatuliwa. Ncha ya sensa ilikuwa nje ya mlango. Fungueni picha." Kisha akafunga uzi. Adhabu yangu hakuiondoa, nami sikumwomba. Msamaha wake siutaki, na wangu hajaupata. Lakini lile neno "fungueni" nililiona. Hakusema mgeni afungue. Alisema sisi.

Jumanne jioni simu yangu ililia. Nyuma ya sauti kulikuwa na mlio mwembamba, mwingi, kama mvua juu ya karatasi.

"Hamsini na nane, kaka," alisema. "Wawili miguu imepinda, lakini wanakula."

Hamsini na nane kati ya mia na kumi na mawili. Nilifanya hesabu ya waliobaki ndani ya maganda, nikagawa: hawa ni wa wapambe, hawa wa Kipimo, hawa wa dakika sabini nilizokuwa napigiwa makofi. Fungu langu halikuwa dogo.

"Hongera," nilisema. "Na shangazi?"

"Amekaa nao sakafuni. Amepata jogoo, anasema anamjua kwa kusimama. Kaka, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ningesema sijapima, sina kipimajoto, nimekivunja mwenyewe kwa kukikalia. Mngenijibu?"

Daftari la buluu lilikuwa wazi mbele yangu, ukurasa wa kwanza. Tarehe ipo. Jina la Kipimo lipo. "Umepima kapasita?" lipo, kwa wino mzito. "Ufundi haukutaki" lipo, nimelipigia mstari mara mbili. Majina kumi na tisa yapo. Jibu langu halipo. Miaka kumi na moja nimeandika matusi ya watu wote, na lile neno moja nililolisema mimi sikuliandika mahali popote. Nilisema nimepima. Mita yangu ya kwanza, ya kupimia hizo kapasita, niliipata miaka miwili baadaye.

"Dada," nilisema, "hata mimi sikuwa na mita."

"Lini?"

"Siku niliyouliza."

Vifaranga walilia. Kwa nyuma shangazi akapaza sauti, "Unaongea na nani?"

"Na yule fundi wa simu."

"Yupi? Yule aliyesalimia au yule niliyemkatia?"

Alinisubiri nimwambie la kujibu.

"Mwambie," nilisema, "nilikuwa wote wawili."